Majeruhi anakufa njiani: tumekosa magari au hakuna aliyepanga apelekwe wapi?

#1 Nesi wa Lami
Habari zenu wakuu.

Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja huu, kwenye hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Sitaitaja. Jumamosi moja usiku tulipokea Noah imebeba majeruhi wanne. Mmoja ni kijana, nyonga imevunjika, presha 80 kwa 50, amepauka mpaka midomo. Ajali ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwetu kafika saa mbili usiku. Kwanza alipelekwa zahanati, wakamtundikia dripu wakasema huyu hatumuwezi. Akapelekwa kituo cha afya, chumba cha upasuaji kipo, mtu wa usingizi hayupo. Ndipo akaja kwetu. Damu ya kundi lake ilikuwa chupa moja. Tukaandika rufaa, gari letu limempeleka mama mjamzito mkoani. Saa nne akafariki tukilisubiri lirudi.

Kinachoniumiza ni kwamba kila aliyemgusa alifanya kazi yake. Zahanati ilimpeleka panapofuata, kituo cha afya kikampeleka panapofuata, na sisi tulikuwa tunataka kumpeleka panapofuata. Masaa matano, vituo vitatu, chupa moja.

Nauliza: kama wewe ungepewa kupanga huduma ya majeruhi kwa nchi nzima, ungeanzia wapi? Tafadhali tusiishie kwenye "serikali ilete ambulensi".

#2 Mzee wa Chalinze
Pole sana nesi. Lakini mbona jibu umeshalitoa mwenyewe? Gari lilikuwa moja na limeenda na mjamzito. Yangekuwa mawili, kijana angeondoka saa mbili na robo. Huku kwetu majeruhi wanabebwa na gari la polisi, nyuma, wamelazwa kwenye bati. Leteni magari kwanza, mengine yatafuata.

#3 Deriva wa Dar Tunduma
Mzee #2, gari ni nini bila mtu anayejua kubeba? Miaka 19 niko barabarani, nimebeba majeruhi kwenye kabati la Scania mara nne. Mara ya kwanza tulimshika jamaa mikono na miguu kama gunia. Baadaye daktari akaniambia huenda shingo tuliimalizia sisi. Sijawahi kusahau. Na ukimfikisha hospitali unakalishwa: wewe nani, umemtoa wapi, gari namba ngapi, isije ikawa ni wewe uliyemgonga. Siku hizi vijana wengi wanapita tu wanapiga honi.

#4 Mtanga wa Baltimore
Nesi, pole. Niko Baltimore mwaka wa kumi na nne, kazi yangu ni hospitalini, kwa hiyo ngoja niwaambie ninachokiona huku.

Jimbo la Maryland ndilo la kwanza Marekani kuwa na mpango wa majeruhi wa jimbo zima. Aliyeupigania ni daktari wa upasuaji, R Adams Cowley. Alianza na vitanda viwili tu vya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wakakiita chumba chake maabara ya kifo, maana alikuwa anapelekewa wale waliokwisha kukatiwa tamaa. Akaanza kuwaponya. Mwaka 1970 helikopta za polisi wa jimbo zikaanza kumletea majeruhi. Ndege ileile inafanya doria na inabeba wagonjwa. Mwaka 1973 gavana Marvin Mandel akatia saini amri, mpango ukawa wa jimbo lote.

Najua mtaishika helikopta. Iacheni. Kitu chenyewe ni redio. Mhudumu wa gari akiwa bado kwenye eneo la ajali anaongea na daktari kupitia kituo cha mawasiliano, anaambiwa huyu mpeleke pale, hospitali ya karibu ipite. Hospitali zimepangwa madaraja na jimbo, hazijipachiki vyeo zenyewe. Yule kijana wa #1 asingeonja zahanati wala kituo cha afya.

#5 Kumbukumbu ya Zamani
Marekebisho kidogo kwa #4. Illinois ilitangulia. Mwaka 1971 chini ya gavana Richard Ogilvie, daktari David Boyd alipanga hospitali za jimbo zima kwa madaraja matatu: za kanda, za eneo na za mahali. Boyd huyohuyo baadaye akasimamia mpango wa taifa uliotokana na sheria ya 1973, iliyotaja vipengele 15 ambavyo kila mkoa wa huduma uwe navyo: mawasiliano, mafunzo, usafiri, kumbukumbu na kadhalika.

Na kabla hatujajidharau: ripoti maarufu ya Marekani ya 1966 ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilikuwa mikononi mwa watu wa mazishi, kama 12,000 hivi. Gari la maiti ndilo lilikuwa la wagonjwa, kwa sababu ndilo pekee mtu anaweza kulala humo amenyooka. Miaka mitano baadaye majimbo yalikuwa yanapanga. Hawakuwa na gari bora kuliko Defender ya mzee wa Chalinze.

#6 Mtanga wa Baltimore
Kwa amri ya gavana nakubali, 1971 iko mbele ya 1973. Kwa kazi yenyewe Cowley alishaanza, hapo sikuachii, mkuu.

#7 Mwana Kasulu
Mnagombania nani alitangulia wakati mnalinganisha vitu visivyolingana. Maryland ni kilomita za mraba 32,000 na ushee, maji yakiwemo. Mkoa wa Morogoro peke yake unapita 70,000. Yaani jimbo zima linaingia Morogoro mara mbili na nafasi inabaki. Halafu nyote mnaongelea watu wa lami. Huku mtu anaanguka mchikichini, anakaa siku mbili ndiyo analetwa. Hiyo redio yenu itamwambia nani?

#8 Daktari Mpasuaji
Nashukuru kwa uzi huu. Mimi niko upande wa nesi na #4: tatizo kubwa ni mahali anapopelekwa.

Kuna utafiti wa 1979 ambao kila mpasuaji wa majeraha anaujua. Walilinganisha sehemu mbili za California. San Francisco majeruhi wote wakubwa walipelekwa hospitali moja iliyojiandaa. Orange County kila mtu alipelekwa hospitali iliyo karibu naye, na hospitali zilikuwa nyingi, nzuri, za watu wenye pesa. Walipopitia mafaili ya waliokufa, Orange County karibu theluthi mbili ya vifo visivyotokana na ubongo vilionekana vingeweza kuzuilika. San Francisco walipata kifo kimoja tu cha namna hiyo.

Hospitali iliyo karibu isiyo na mpasuaji, damu na mtu wa usingizi usiku huo ni kituo cha kusubiria. Inamla dakika zake.

#9 Mzee wa Chalinze
Daktari, shikamoo kama umenizidi. Hiyo San Francisco ni mji mmoja. Ajali itokee katikati ya Mikumi, pale tembo wanapokatiza, hospitali yenye hayo matatu iko mbali saa nzima na zaidi. Ukiipita zahanati ambayo ingemfunga jeraha na kumfungulia njia ya hewa, unafika na maiti. Kwetu karibu ni karibu.

#10 Daktari Mpasuaji
Marahaba mzee, ingawa sidhani. Hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Kufunga jeraha na kufungua njia ya hewa kufanyike, lakini pasiwe mahali pa kumlaza. Dakika kumi na aondoke, na anakoenda wameshapigiwa simu. Leo zahanati inamlaza kwanza, simu baadaye.

#11 Dada wa Marehemu
Mmesahau PF3, ile fomu ya polisi. Kaka yangu alikaa kwenye benchi damu inachuruzika, mpokeaji anasema nenda polisi kwanza ukachukue fomu. Kituo cha polisi kiko upande wa pili wa mji. Mimi ndiye nilipanda bodaboda kwenda kuifuata. Narudi, wameshamfunika. Siitaji hospitali hiyo, haitanirudishia kaka. Mnaweza kupanga madaraja na redio, mlangoni akikaa mtu anayedai karatasi yote bure.

#12 Nesi wa Lami
Dada, nimeisoma mara mbili. Pole sana.

Niseme kama mtu wa ndani: PF3 ni ya ushahidi na madai ya bima, si tiketi ya kuingilia. Viongozi wa wizara wameshatamka zaidi ya mara moja kwamba wa dharura ahudumiwe kwanza na fomu ifuate. Wengine wetu tunafanya hivyo. Kinachobaki ni woga: mpokeaji anaogopa kesho polisi watamuuliza, au mhasibu atamuuliza nani atalipa. Mara nyingi fomu ni kisingizio cha hilo la pili.

#13 Mvita Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya hilo la mlangoni limeandikwa ndani ya Katiba. Kifungu cha 43, mwaka 2010: hapana mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikatia nguvu na adhabu juu yake. Na bado nimeona kwa macho yangu mtu akiulizwa amana kabla ya kushushwa machela. Kwa hivyo dada #11, sheria ni nusu. Sheria mpya ya bima ya 2023 imeweka mfuko maalumu wa dharura ili hospitali ijue italipwa. Huo ukilipa kwa wakati, mlango utafunguka. Mimi naona ugonjwa ni pesa, hayo mengine ni dalili.

#14 Bodaboda wa Ilula
Mimi sina elimu ya kina daktari. Kijiwe chetu kiko chini kidogo ya hospitali, na ajali za Kitonga tunazijua kabla ya trafiki. Lori likikosa breki kwenye ule mlima sisi ndio wa kwanza. Kuna mwaka walikuja watu wakatufundisha siku moja: kubana jeraha kwa nguvu usiachie, kumlaza ubavu anayekoroma, kutomvuta shingo. Siku moja tu! Tangu hapo nimebana majeraha ya watu watatu, wawili nawaona wanapita mjini wazima.

Walitupa glovu na bandeji. Ziliisha mwezi wa pili, hakuna aliyerudi. Mkipanga nchi nzima tuwekeni kwenye huo mpango. Sisi tuko kila kona, hata huko Kasulu kwa #7.

#15 Mwana Kasulu
Hapo umenena, kaka. Huyu ndiye mtu wa kwanza kwenye uzi huu aliyefika kijijini kwetu.

#16 Daktari Mpasuaji
#14, hongera, na si maneno ya adabu tu. Kampala waliwahi kuwafundisha watu wa kawaida 307: polisi, madereva wa teksi, viongozi wa mitaa. Walifundishwa siku moja kama ninyi na wakapewa vifaa, na walipofuatiliwa wengi wao walikuwa wameshautumia ujuzi huo.

Kuna pia dawa ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki. Jaribio kubwa lililotoka mwaka 2010, wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha inapunguza vifo ikitolewa ndani ya masaa matatu. Si ya bei ya kutisha na haihitaji mpasuaji. Yule kijana wa #1 alipita vituo viwili ndani ya muda huo. Nesi, aliipata?

#17 Nesi wa Lami
Hapana. Kwetu ipo, iko kabati la wodi ya wazazi, kwa ajili ya akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua. Hakuna aliyeifikiria. Hata mimi.

#18 Tumaini la Nne
Mbona namba ya dharura ipo? 115. Unapiga bure, gari linakuja. Wananchi hawajui tu.

#19 Mratibu Mstaafu
#18, hapana, usiwapotoshe watu. 115 ni ya m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. 112 ni polisi, 114 zimamoto. Majeruhi wa barabarani hana namba yake, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha simu cha mpango huo nje ya Dar, najua unavyokwenda. Simu inaingia, mratibu anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua aende kituo gani, anatafuta ambulensi. Ikikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mtu mwenye gari lake mwenyewe. Akimfikisha mama, analipwa kwa simu. Ulianzia Sengerema na Shinyanga kidogokidogo, sasa umeenea. Mtanga anasema kitu chenyewe ni redio. Redio hiyo tunayo! Iko mezani, kila mkoa, na kijana wa nesi hakuruhusiwa kuitumia kwa kuwa si mjamzito.

#20 Kumbukumbu ya Zamani
Hii #19 ndiyo bora ya uzi mpaka sasa.

#21 Daktari Mpasuaji
Ni nzuri, ila nina shaka moja. Mama mwenye uchungu anaweza kukaa kwenye kiti cha Probox. Mwenye nyonga iliyovunjika ukimkalisha unazidisha damu ndani. Na wajawazito tunajua takribani ni wangapi mwezi huu. Basi la watu 50 halitoi taarifa. Mkiwaunganisha bila kuongeza watu na magari, mtamnyang'anya mama gari lake. Kwenye #1 gari lilikuwa limeenda kwa mjamzito, na nina hakika mjamzito huyo naye alilihitaji.

#22 Mratibu Mstaafu
Majeruhi wa leo anakaa kwenye kiti cha Probox hata hivyo, daktari, tena amekunjwa. Tofauti ni kwamba hakuna anayejua anakuja.

#23 Mhasibu wa Kaya
Tuzungumze hela, maana #13 amepita hapo haraka. Georgia, jimbo jirani na Florida, mwaka 2010 waliwaomba wapigakura dola 10 kwa mwaka kwa kila gari ili kulipia mfumo wa majeruhi. Wakakataa. Dola 10! Tegemeo likabaki kwenye faini ya dola 200 inayoongezwa kwa wanaokimbiza magari kupita kiasi.

Kwetu kuna vyanzo vitatu vinavyoonekana: tozo ya mafuta inayojenga barabara, faini za trafiki, na bima ya lazima ya chombo cha moto, ile ndogo. Mimi ningechukua bima. Kila gari linalipa kila mwaka, na hatari yenyewe ndiyo hiyohiyo. Leo bima inamlipa majeruhi baada ya kesi ya miaka, wakati mwingine inawalipa warithi. Sehemu ndogo ingekatwa mapema, ikalipa damu, mafuta ya ambulensi na saa 24 za kwanza kitandani, bila kumuuliza mtu jina.

#24 Mtanga wa Baltimore
Maryland ndivyo walivyofanya. Kuna ada ya ziada kwenye usajili wa gari, inakwenda kwenye mfuko wa dharura. Ndiyo maana helikopta ya polisi ikikubeba huletewi bili.

#25 Deriva wa Dar Tunduma
Kila mkikosa hela mnamwona mwenye gari. Tunalipa bima, tunalipa mafuta, tunalipa mizani, tunalipa faini. Na mtembea kwa miguu aliyeangushwa na mnazi, kama wa #7, analipiwa na nani? Na mimi?

#26 Mwana Kasulu
Ni mchikichi, mkuu, si mnazi. Minazi waachie watu wa pwani. Ila swali lako ni la kweli.

#27 Bi Takwimu
Samahani nimechelewa, nimesoma yote. Nyote mna uhakika mkubwa sana, na hakuna aliyeuliza wanafia wapi.

#4 hakuisema, lakini Cowley ndiye aliyeeneza ile saa ya dhahabu, kwamba una dakika 60. Imefundishwa dunia nzima. Watafiti walipotafuta data iliyozaa namba hiyo hawakuikuta. Haimaanishi haraka haina maana. Inamaanisha msipange nchi nzima juu ya namba moja. Huko huko Maryland, Septemba 2008, helikopta ya polisi ilianguka ikiwa imebeba majeruhi wa ajali ya gari, wakafa watu wanne. Ndipo wakaanza kuuliza kwa ukali nani hasa anastahili kurushwa, na safari zikapungua sana.

Kama kwetu wengi wanafia palepale, jibu ni la #14. Kama wanafia njiani kati ya kituo na kituo, jibu ni la #19. Kama wanafia wodini usiku wa pili, tunazungumzia damu na wapasuaji, na magari yote ya #2 hayatasaidia. Daftari la majeruhi linalofanana hospitali zote ndilo ningelinunua kwanza, kabla ya tairi moja.

#28 Dada wa Marehemu
Kaka yangu alifia kwenye benchi. Hilo benchi litaandikwa safu gani?

#29 Bi Takwimu
Dada, liandikwe kama lilivyo: alifika mlangoni saa ngapi, aliguswa na mhudumu saa ngapi. Leo tunaandika saa ya kifo tu. Samahani kama nimeongea kama watu ni namba.

#30 Mfyatua Tofali
Mbona hakuna anayesema kofia ngumu na mkanda? Bodaboda wanabeba mishikaki, watatu bila kofia, halafu tunapanga helikopta. #14 una kofia ya abiria?

#31 Bodaboda wa Ilula
Ninayo, na abiria wanaikataa, wanasema inaharibu nywele na ina jasho la mtu mwingine. Njoo Ilula nikupakie uone. Ila uzi ni wa aliyekwisha kuumia, mkuu.

#32 Mzee wa Chalinze
Kuna jambo moja mmeliruka wote. Msamvu, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililolipuka. Waliokufa walipita mia. Morogoro ina hospitali ya mkoa, iko mjini hapohapo, hakuna aliyepotea njia, na wengi ilibidi wakimbizwe Muhimbili. Siku ile redio, madaraja na daftari vingefanya nini? Vitanda vya walioungua havikuwepo vya kutosha karibu. Mimi bado nasema vitu: magari, vitanda, damu.

#33 Daktari Mpasuaji
Mzee, kwa Msamvu sina jibu jepesi. Kuungua kiasi kile kunaua hata penye kila kitu. Lakini kujua mapema nani aende Muhimbili na nani abaki, huo nao ni mpango, na haufanywi siku ya moto.

#34 Nesi wa Lami
Ahsanteni. Nilileta swali moja, nimepata sita.

Jana nilimweleza mfawidhi wetu ile #17. Traneksamiki imewekwa pia kwenye sinia la dharura la mapokezi, nimeibandika karatasi mwenyewe. Kwa #27, nimechora safu mbili kwenye daftari letu la usiku: saa aliyofika, saa aliyoguswa. Usiku wa kwanza wenye majeruhi ulitoka dakika 4, dakika 11 na dakika 52. Ya 52 nimeifuatilia: ndugu walikuwa wanatafutwa walipie kadi. Tulikuwa wawili zamu, na niliyekuwa nimempa mgongo ni mimi.

#19, bado uko? Nani mkoani mwenye mamlaka ya kuruhusu ile meza ya simu ipokee majeruhi hata kwa mwezi mmoja wa majaribio? Ni mganga mkuu wa mkoa, au lazima itoke wizarani?

#35 Mratibu Mstaafu
Nipo. Kwa tulivyofanya sisi, maswali na orodha ya madereva vilitoka juu. Mganga mkuu wa mkoa anaweza kuwaita wakuu wa vituo na kupanga nani apokee nini usiku, hilo halihitaji kibali cha mtu. Anzeni na hilo na namba zenu za simu za kawaida. Nitumie ujumbe wa pembeni, nikupe yale maswali tuliyokuwa tunamuuliza mpigaji, myabadilishe yafae majeruhi.

#36 Deriva wa Dar Tunduma
Mkiyabadilisha, leteni nakala huku. Nitayabandika kwenye kabati la gari. Kesho napakia kwenda Tunduma.